Kumtoa Meneja Nje

Saa nane za usiku baba yangu aligonga mlango wa chumba changu mara mbili kwa kitako cha tochi, akasema neno moja: "Zamu."

"Nimesikia, baba."

"Umesikia, lakini mimi sijasikia miguu."

Miguu! Mtu amesimama kutwa nzima akipiga pasi mashuka ya watu, na usiku nao miguu yake inadaiwa. Nikaamka hivyo hivyo, jicho moja limefumba, nikavaa kandambili, nikamwokota mbwa kwenye mkeka wake kando ya kitanda cha baba pale sebuleni, nikashuka naye ngazi ishirini na sita mpaka uani. Kumbeba ilikuwa lazima. Mbwa mchanga ukimwacha atembee mwenyewe, ngazi ya tatu tu ameshachuchumaa. Nikamweka kwenye kona ya ukuta, pale pale pa kila siku, nikamwambia neno lile lile la kila siku, "Fanya." Akanusa. Akazunguka. Akaona kipande cha karatasi kinapeperuka, akakikimbilia.

"Meneja, fanya, nakuomba!"

Akakaa chini akanitazama, mkia unapiga vumbi. Nilisimama pale uani, ukuta huku na ukuta huku, geti limefungwa kufuli, soksi ya jirani imesahauliwa kwenye kamba, na machozi yakaanza kunilenga. Si kwa ajili ya mbwa. Nilikuwa nimehesabu nikaona huo ni usiku wa sita, na zilibaki siku tano tu.

Jina la Meneja alilitoa baba. Mlinzi mwenzake wa zamani alimletea mbwa huyo ndani ya boksi la sabuni, akasema mlinzi hastaafu bila mbwa. Nilipouliza kwa nini Meneja, baba alisema miaka thelathini na moja aliwaamkia mameneja pale langoni kwenye ghala la mabomba, wakapita bila kuitikia. Sasa na yeye amepata meneja wa kumwambia kaa, akakaa. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu mama afariki, mwaka wa sita sasa, sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, ndiyo maana sikulirudisha boksi jioni ile ile. Lo, laiti ningejua!

Mimi ni dobi. Si dobi wa nyumbani kwa mtu, hapana, tuko watu saba kwenye chumba kirefu chenye mvuke, mimi kwenye meza ya pasi ya pili kutoka mlangoni. Ninaishi na baba ghorofa ya pili, chumba na sebule, choo kiko mwisho wa ukumbi tunachangia na familia mbili, na taa ya ukumbi huo iliungua siku nyingi, kila mtu anamngoja mwenzake aweke nyingine. Nilikuja kukaa na baba kwa mwezi mmoja baada ya msiba. Huo mwezi haujaisha mpaka leo. Baba goti moja halikunji, macho yana ukungu, na mara mbili amesahau jiko linawaka akaenda kulala. Mtu kama huyo humwachi peke yake. Nina kaka mkubwa pia. Kaka ana nyumba, ana mke, ana gari, ana udhuru.

Usinielewe vibaya, baba yangu nampenda. Lakini kupenda na kuchoka havigombani, vinakaa nyumba moja. Nina miaka thelathini na tisa, na jioni zangu zote nazijua zitakavyokuwa: nitapanda ngazi, nitauliza umekula, ataniambia nimekula, nitafunua sufuria nikute hajala. Wenzangu wa kwenye pasi wakipanga kwenda mahali, siku hizi hawaniulizi tena. Wanasema, "Huyu ana mzee," basi, yamekwisha.

Kisha barua ikaja. Hospitali mpya, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Walitaka msimamizi wa chumba cha kufulia, na mimi niliomba kama utani, nikijua hawatanichukua. Wakanichukua. Kuna chumba cha kulala humo humo, kina dirisha linalotazama bustani, yule mama wa ofisini aliniambia kwa simu bila hata kumuuliza. Nianze Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Niliisoma barua ile ngazini, nikaikunja, nikaiweka kifuani, nikapanda juu nikafunua sufuria.

Nilimpigia kaka siku hiyo hiyo kabla ujasiri haujaniishia. Nikamwambia zamu yake imefika. Akampa mkewe simu, kama kawaida yake jambo likiwa zito.

"Wifi," akasema mke wa kaka, "mimi sina neno. Chumba kile cha mbele kipo, na baba ni baba. Aje."

Jamani, nilikaa chini. Sikutarajia. Nikamweleza baba, na baba akakubali pia, ila akaweka sharti.

"Bila Meneja siendi."

"Baba, kule kuna mazulia."

"Basi mimi nabaki."

Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Mzee akageukia ukutani. Nikampigia wifi, na wifi akaguna guno refu mpaka nikaogopa simu imekatika. Mwishowe akasema haya, mbwa aje, ila awe amefundishwa. Mbwa wa kukojoa ndani ya nyumba yake, hapana, hamtaki hata kwa dawa. Wangekuja na gari Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mbwa akiwa amejifunza, wanawachukua wote wawili. Akiwa bado, waache kwanza. Zilikuwa siku kumi na moja.

Ndivyo maisha yangu yalivyoingia kwenye kibofu cha mbwa.

Fundi viatu wa chini, ambaye amefuga mbwa tangu utoto wake, ndiye alinipa masomo. Alisema samaki mkunje angali mbichi, na huyu ni mbichi kabisa, atakunjika. Mchana yeye angemtoa, mradi nimshushie asubuhi nikienda kazini. Usiku ni juu yangu. Kila baada ya saa mbili, mahali pale pale, neno lile lile. Akifanya, msifu kama amepasi mtihani. Asipofanya, usimchekee. Akikosea ndani, usimpige, maana mbwa hajui unampigia mkojo wa saa ngapi.

"Na mimi nitalala saa ngapi?" nikamuuliza.

"Dada, wewe hukuuliza habari za kulala. Umeuliza habari za mbwa."

Baba ngazi zile haziwezi usiku, lakini kukesha ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote. Basi tukagawana. Yeye anashika saa na kuniamsha, mimi nashuka na mbwa. Akataka daftari. Lindo bila daftari si lindo, akasema, ni umbeya. Nikamletea daftari na kalamu, akawa anaandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake: SAA NNE, MBWA AMETOLEWA NA BINTI, AMEKOJOA, AMERUDI. SAA SITA, MBWA AMETOLEWA, HAKUKOJOA, AMECHEZA. Alikaa wima kwenye kiti, koti la zamani la kazi begani, tochi mapajani. Alikuwa na furaha, nasema kweli, na furaha yake ilinipa hasira, maana yeye mchana analala na mimi mchana nashika pasi.

Usiku wa tatu Meneja alianza kuelewa. Usiku wa nne alielewa kabisa. Nikisema "Fanya," anafanya, halafu anakimbia kunilamba vidole kudai sifa zake. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, safi. Usiku ule wa karatasi aliniringia kidogo tu, lakini naye alifanya. Halafu inafika saa kumi na mbili asubuhi, natoka chumbani, mkeka umelowa.

Kila asubuhi! Kila siku ya Mungu, kati ya saa kumi, baba anapopitiwa na usingizi wake mzito wa alfajiri, na saa kumi na mbili, mkeka ule unalowa. Nikapunguza maji ya mbwa. Ukalowa. Nikamnyima kabisa maji tangu magharibi, akawa analamba ndoo, ukalowa. Fundi viatu alikuna kichwa. Mchana kutwa hakosei hata mara moja, akasema, huyu mbwa ana nini na alfajiri?

"Pengine ana jini," akasema.

"Jini ninalo mimi," nikamwambia.

Kazini nilianza kuharibika. Nililala nimesimama, pasi ikatulia juu ya mfuko wa shati la mtu mpaka moshi ukanishtua. Mwenzangu wa meza ya tatu akanivuta mkono. "Dada, unanyonyesha?" Wote wakacheka. Nikasema ndiyo, nanyonyesha Meneja, na kwa miaka kumi na minne hakuna meneja aliyewahi kunisumbua hivi. Nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma kwenye mapipa ya sabuni nikalia kidogo. Kila nilipofumba macho niliona lile dirisha la bustani ambalo sijawahi kuliona, na mtu analifunga polepole kutoka nje.

Kitu kimoja tu kilinipunguzia kazi siku zile. Baba alianza kufua suruali zake mwenyewe. Alikuwa akijifungia bafuni asubuhi na mapema, anatoka na suruali imekamuliwa, anaianika dirishani. Nikamwambia, baba, una binti dobi na unafua? Akasema mlinzi anafua sare yake mwenyewe. Nikasema haya, mzee amekuwa msafi, na mimi nimepona suruali moja. Mtu nisiyetumia akili. Mimi ninayejua doa la chai na doa la dawa kwa kunusa tu, niliyekaa na mashuka ya watu miaka kumi na minne, niliupiga deki mkeka ule kila asubuhi kwa dawa kali na sikunusa kitu. Nilikuwa nimeshaamua ni mbwa.

Asubuhi ya nane nilimpiga. Nilimshika ngozi ya shingo, nikamsukumia pua kwenye mkeka, nikamchapa kandambili mara mbili. Alilia kilio chembamba, akajificha chini ya kitanda.

"Usimpige!" Sauti ya baba ilitoka kitandani kwa nguvu ambayo sikuizoea. "Usimpige huyo. Wa kupigwa ni mlinzi aliyelala."

"Baba, wewe umelala kwa sababu ni mzee. Huyu anafanya makusudi!"

Alinyoosha mkono chini ya kitanda, akakaa akimpapasa mbwa mpaka nikatoka kwenda kazini. Nilikwenda na aibu yangu na hasira yangu.

Usiku wa tisa nilichoka kuwa na akili. Baada ya zamu ya saa kumi, nilipanda ngazi na Meneja kwapani, nikapita mbele ya baba aliyekuwa anasinzia kitini, na badala ya kumrudisha mbwa kwenye mkeka nikaingia naye chumbani kwangu. Nilitaka nimkamate. Nikatoa mshipi wa gauni, nikafunga ncha moja shingoni mwake na nyingine kwenye kifundo cha mkono wangu, nikalala naye chini kwenye sakafu. Akijitikisa tu, nitajua. Nikafunga mlango.

Niliamka kumekucha. Meneja alikuwa kwapani mwangu, anakoroma, mkavu. Sakafu kavu. Nilimpapasa tumbo nikacheka peke yangu. Kumbe inawezekana! Nikainuka na mshipi mkononi, nikafungua mlango ili nimwambie baba habari njema.

Mkeka ulikuwa umelowa.

Nilisimama mlangoni. Unyevu ulianzia kwenye ukingo wa kitanda, ukaja juu ya mkeka kuelekea mlango wa nje, na kando yake kulikuwa na alama ya unyayo wa mtu mzima. Mtu aliyekurupuka, akajitahidi kuuwahi ule ukumbi wenye giza, asifike. Baba alikuwa amelala kageukia ukuta, shuka mpaka masikioni. Daftari lilikuwa kitini. Nililichukua nikasoma nyuma siku zote tisa. Mbwa ametolewa, mbwa amekojoa, mbwa amecheza, mbwa, mbwa, mbwa. Ila kila saa kumi na mbili ameandika MKEKA UMELOWA, akaishia hapo. Hakuna mahali hata pamoja alipoandika kwamba ni mbwa.

Nikaelewa suruali. Nikaelewa "bila Meneja siendi." Nikaelewa kandambili zile mbili nilizomchapa kiumbe asiye na kosa.

Nilileta ndoo na tambara, nikapiga magoti, nikaanza kufuta bila kelele.

"Amekojoa tena?" baba akauliza, uso bado ukutani.

"Ndiyo, baba. Amekojoa tena."

Meneja hakuwa na subira, alikuja akijikokota kutoka chumbani na mshipi unaburuta, akaweka miguu yake ya mbele kitandani. Baba akageuka. Akamtazama mbwa, akautazama mshipi, akanitazama mimi niliyeshika tambara. Sikuinua macho. Nilifuta pale pale palipokwisha kukauka. Baada ya muda akavuta shuka akajifunika uso wote, na mimi nikabeba ndoo nikaenda kumwaga.

Hatukulizungumza. Ungesema nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema, lakini wanaosema hivyo hawajawahi kuwa mlinzi wa miaka thelathini na moja, mtu wa koti lililopigwa pasi, anayekojoa njiani kwenda mlangoni mbele ya binti yake. Nilibadilisha taa ya ukumbi siku hiyo. Dakika tano tu, taa yenyewe nimeinunua duka la chini. Niliposhuka kwenye kigoda nilijichukia.

Sasa sikiliza, nitasema ukweli kama ulivyokuwa. Nilitaka kwenda. Siku mbili zile zilizobaki nilifungasha begi langu na kulisukuma chini ya kitanda. Nilijiambia mbwa amejifunza kweli, na wifi aliuliza habari za mbwa, hakuuliza habari nyingine. Nitajibu nilichoulizwa. Wakishafika kwao watayaona wenyewe, naye ni baba wa kaka vilevile, si wangu peke yangu. Miaka sita! Nani angenilaumu? Nililirudia hilo mezani kwenye pasi kama somo la kukariri, na kila nikilimaliza naona lile shuka lililofunika uso.

Jumamosi walifika saa nne asubuhi. Kaka alinikumbatia, akaniambia nimekonda. Wifi alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, akiyazungusha macho sakafuni. Baba alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, viatu vinang'aa, sanduku lake liko mlangoni tangu alfajiri. Meneja alikuwa amelala juu ya viatu vyake. Nikamimina chai.

"Chumba kiko tayari, baba," wifi akasema, na alisema kwa wema, sitamsingizia. "Nimekuwekea zulia jipya, miguu isipate baridi." Halafu akanigeukia mimi. "Enhe, wifi. Na huyu bwana mdogo? Amejifunza? Maana mimi nimeshamwambia kaka yako, siku atakayolowesha zulia langu, siku hiyo hiyo anatoka nje, sitaangalia ni saa ngapi."

Jibu lilikuwa mdomoni. Amejifunza. Neno moja tu, na la kweli. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatazama ndani ya chai, hainywi. Nikamwona alfajiri kwenye nyumba ile, anakurupuka, zulia jipya chini ya miguu yake, taa inawashwa.

"Bado," nikasema.

"Bado?"

"Anajitahidi, lakini alfajiri bado inamshinda."

Nilimwona kaka anavyoshusha mabega. Alikuwa amebana pumzi tangu aingie, na sasa akapumua. "Basi haina haraka," akasema upesi. "Tutaangalia mwezi ujao, au ule mwingine. Hospitali si wanaweza kukungoja?"

Baba akaweka kikombe chini.

"Mbwa amejifunza," akasema. "Amejifunza zamani. Anayelowesha mkeka ni mimi."

Kaka akaanza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Baba, unasema nini?"

"Nasema lilivyo. Alfajiri inanitoka, sifiki chooni. Nilimsingizia mbwa kwa sababu mbwa hana mdomo, na hilo peke yake ni aibu ya kunitosha. Lakini huyu," akaninyooshea kidole, "hatadanganya kwa ajili yangu. Ana kazi inamngoja. Mwana wangu, nimesema mbele ya mkeo ili mjue mnamchukua nani. Sasa twendeni."

Akasimama. Kwa lile goti lake ilichukua muda, akashika ukingo wa meza, akasimama wima, akamwita Meneja, wakaenda wote wawili mpaka kwenye sanduku pale mlangoni wakangoja.

Wifi alikuwa anatazama mkoba wake. "Mimi nafanya kazi kutwa," akasema kwa sauti ndogo, hakumwambia mtu maalumu. "Watoto, nyumba... Sikujua."

"Hili ni jambo la daktari kwanza," kaka akasema. Alisimama, akajipapasa mfuko kutafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika mkononi. "Baba aonane na daktari kwanza, tujue ni nini. Tusikimbilie. Baada ya hapo tutakaa tupange. Nitapiga simu. Wiki hii hii nitapiga simu."

Alimpa baba mkono. Mkono, mbele ya sanduku lake! Wakapita kando ya sanduku, kwanza wifi, kisha yeye, nikasikia viatu vyao ngazi zote ishirini na sita, halafu gari. Nilitaka kumfuata nimtukane tusi moja la maana, nilikuwa nalo tayari. Nilibaki nimeshika birika.

Badala yake hasira yangu ikamwangukia asiyestahili. "Kwa nini umesema, baba? Si ungenyamaza tu? Nimeshasema bado, yamekwisha, nani alikuuliza?"

"Ningenyamaza, ungebaki."

"Umesema na nimebaki vile vile! Sasa umepata nini?"

Baba alikuwa bado amesimama mlangoni. Alilitazama sanduku kwa muda, kisha akalishika mpini na kulirudisha kando ya kitanda, goti linamburuta. Akakaa. Meneja akarukia mapajani mwake na kujikunja.

"Nilidhani atanichukua hivyo hivyo," akasema. "Yule alikojoa kitandani mpaka darasa la nne. Wewe hujui, ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa nikitoka lindoni asubuhi, kabla sijavua buti, nalitoa godoro lake nyuma ya nyumba, naligeuza upande mkavu utazame njia, ili watoto wenzake wakipita wasimcheke. Nikimsikia mtu anamtania, namfukuza. Miaka mitatu. Nilidhani anakumbuka."

Nilikusanya vikombe, chai ya kaka imejaa hajainywa, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikawapigia wale wa hospitali kabla ofisi haijafungwa, kuwaambia nafasi ile wampe mtu mwingine.